Tupeane uzoefu: ulimtabiri nani, na ilikuwaje?

Mwalimu wa Mbale
Droo ya Wimbledon, mashindano ya tenisi ya London, inatolewa Ijumaa, na mechi zinaanza Jumatatu tarehe 30 Juni 2025. Kabla majina hayajapangwa, ningependa tupeane uzoefu: uliwahi kumtabiri nani, mbele ya watu gani, na mambo yakaishia wapi? Wangu wa mwaka huu ni Alcaraz, aliyebeba kombe hilo mwaka 2023 na 2024 na ambaye ametoka kushinda Roland Garros, mashindano ya Paris yanayochezwa kwenye udongo. Kwa wanawake namtaja Sabalenka, kwa kuwa mwaka jana bega lilimzuia kucheza na naamini anakuja na njaa. Swiatek simtaji, maana mpaka mwaka jana Wimbledon ya wakubwa ilikuwa haijampa zaidi ya robo fainali. Tafadhali msiandike kwamba moyo unawaambia, andikeni sababu.

Mzee wa Bombo
Mwalimu, mwaka 2008 sababu nilikuwa nazo tele. Federer alikuwa ameshinda Wimbledon mara 5 mfululizo, na ingawa Nadal alikuwa ametoka kumshinda vibaya Paris, niliwaeleza vijana wa mtaani kwamba mambo ya udongo hayahusiani na nyasi. Wakakutana fainali, mvua ikakatiza mchezo, seti zikafika 5, na kwetu hapa saa tano usiku ilikuwa imepita Nadal alipomaliza 9-7 huku giza likiingia London. Vijana wale waliimba mpaka mlangoni kwangu.

Hujaji
Mimi sina la kutabiri, ila mmenikumbusha. Tarehe 31 Mei 2009 tulikuwa tukitembea kwa miguu kwenda Namugongo kwa ajili ya Siku ya Mashahidi wa Uganda, na kijana mmoja katika msafara wetu alikuwa akisikiliza redio ya simu kwa siri. Nadal alikuwa hajapoteza mechi hata moja Roland Garros tangu alipoanza kucheza huko mwaka 2005. Kijana alipopiga kelele kwamba Söderling amemtoa, kiongozi wa sala alidhani amepata maono.

Dada wa Ntinda
Kwangu ni Ons Jabeur wa Tunisia, na bado sijapona. Mwaka 2022 alifika fainali ya Wimbledon, jambo ambalo hakuna mwanamke wa Afrika aliyelifanya tangu wachezaji wa kulipwa waruhusiwe mwaka 1968, na alipochukua seti ya kwanza dhidi ya Rybakina niliwapigia simu dada zangu wote. Akapoteza mbili zilizofuata. Mwaka uliofuata niliwaambia watu ofisini kwamba sasa hapana shaka, kwani alikuwa amewatoa Kvitova, Rybakina na Sabalenka kwa mpigo, na fainalini anakutana na Vondrousova ambaye hakuwa hata miongoni mwa wale 32 waliopangwa juu. Mnajua yaliyotokea: akashindwa tena. Nilizima televisheni kabla ya hotuba, kwa sababu nilijua atalia na mimi nitalia.

Kijana wa Kabalagala
Hata mimi, dada. Ule wa 2023 uliniuma.

Mchambuzi
Kwa heshima zote, kumtaja Mwafrika kwa sababu ni Mwafrika si utabiri bali ni dua.

Dada wa Ntinda
Ndugu Mchambuzi, nimekutajia mabingwa watatu aliowashinda njiani kuelekea fainali ile. Kama hizo si sababu, naomba unieleze wewe hutumia nini.

Mchambuzi
Natumia uso wa uwanja (nyasi au udongo), droo na umri, kwa mpangilio huo. Ndiyo maana sitabiri kabla ya Ijumaa, kwa kuwa mchezaji yule yule anaweza kuwa na njia nyepesi mpaka nusu fainali au kukutana na mpigaji hatari katika raundi ya pili.

Mhasibu wa Jinja
Naomba radhi kwa urefu wa habari yangu, lakini ninahitaji ushauri. Tarehe 8 mwezi huu, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Siku ya Mashujaa hapa Uganda na hapakuwa na kazi, wafanyakazi wenzangu na mimi tulikutana mahali panapochomwa nyama ya nguruwe kutazama fainali ya Roland Garros kati ya Sinner na Alcaraz. Kila mmoja alichanga shilingi 20,000, na fedha zote zikakabidhiwa mtunza stoo wetu, ambaye hapendi tenisi na kwa hiyo tulimwona mwadilifu. Wote walimtabiri Sinner isipokuwa mimi na dereva mmoja.

Sinner akachukua seti 2 za kwanza, Alcaraz ya tatu. Katika ya nne alikuwa mbele 5-3, na Alcaraz alipokuwa akianzisha mpira, ubao ukasoma 0-40, yaani pointi 3 za ubingwa kwa Sinner: angepata moja tu, mechi ingekwisha. Hapo mtunza stoo akasimama, akasema hakuna haja ya kupoteza muda, akagawa fedha kwa kundi la Sinner, nao kwa furaha wakaagiza nyama kilo kadhaa na vinywaji vya meza nzima. Alcaraz akaziokoa zote 3. Akachukua seti hiyo, kisha ya tano kwa pointi 10-2 za kuamua, baada ya saa 5 na dakika 29. Tulipodai fedha zetu, tukaonyeshwa mifupa. Je, nani anatakiwa kutulipa?

Mzee wa Bombo
Mtunza stoo alipe. Mwenye kushika amana haachii kabla ya neno la mwisho.

Kijana wa Kabalagala
Swali dogo, ndugu Mhasibu: nyama hiyo wewe hukuila?

Mhasibu wa Jinja
Nilikula. Ilikuwa mezani, nami nilikuwa na huzuni.

Mchambuzi
Basi kesi imekwisha. Aliyeshiriki karamu ya ushindi wa mwenzake amekubali matokeo.

Dada wa Ntinda
Hata kidogo! Alikula kama mgeni. Wakatoe thamani ya kipande chake, kinachobaki wamrudishie, na dereva kama hakula apewe chote.

Hujaji
Wasameheane.

Mhasibu wa Jinja
Dereva alikula kuliko sisi wote.

Mwalimu wa Mbale
Ndugu zangu, turudi kwenye Wimbledon. Ila nitasema hili kwa faida ya wote: katika fainali ya Wimbledon mwaka 2019 Federer alikuwa mbele 8-7, 40-15, yaani pointi 2 za ubingwa, mpira ukiwa mkononi mwake, na bado Djokovic akabeba kombe. Mtunza stoo yeyote anayetazama tenisi angejua kwamba pointi ya ubingwa haijawa ubingwa.

Mzee wa Bombo
Mwalimu, kwa nini umetaja 2019? Ningeweza kulala vizuri leo.

Mchambuzi
Na wanaopenda kuchanga fedha, wachague aliye juu kabisa kwenye orodha ya ubora. Ndiyo njia salama.

Kijana wa Kabalagala
Salama lakini haina faida. Raducanu alishinda US Open mwaka 2021 akitokea kwenye mechi za kufuzu, akiwa nambari 150 duniani, bila kupoteza seti hata moja. Chagueni asiyejulikana, mle vizuri mara moja maishani.

Mhasibu wa Jinja
Nashukuru kwa ushauri, ingawa sijui nifuate upi. Tumekubaliana kuchanga tena kwa Wimbledon, na mtunza stoo ni yule yule kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Sharti letu jipya ni kwamba fedha hazitoki mpaka wachezaji wapeane mikono wavuni na mwamuzi atangaze mshindi. Safari hii mimi namchukua Sinner, kwani aliyekaribia namna ile hawezi kukaa kimya muda mrefu. Wenzangu wote wamehamia kwa Alcaraz.

Mama Gulu
Nimechelewa kuingia na sijasoma ya nguruwe. Kwa wanawake andikeni Gauff. Amemshinda Sabalenka fainali ya Paris, kwa nini ashindwe London?

Mchambuzi
Kwa sababu London ni nyasi, mama. Subiri droo.