Kuna mtu humu anajiona kazaliwa na kikokotoo mkononi

Wakuu, povu linanitoka na silifuti. Yule mtu wenu, mnamjua, simtaji asije akajisikia.

Nimekaa na 4,294,967,297 siku tatu. Yaani 2 kipeo cha 32, jumlisha 1. Nagawanya kwa mkono, namba tasa moja baada ya nyingine. 2 baki 1. 3 baki 2. 5 baki 2. 7 baki 5. Nikatembea nayo mpaka 631, baki 173. Namba tasa 115! Daftari limeisha, kidole kimeota sugu kama goti la ngamia. Nikasema basi, hii nayo ni tasa. Nikaja humu kwa adabu zangu kutangaza, aya nne, na shukrani juu.

Jibu lake? "641."

Salamu hakuna. "Samahani mkuu" hakuna. 641, nukta. Namba ningeimeza, lakini ile nukta ya nini?

Nikagawanya mkono unatetemeka: 6,700,417, baki sifuri. Na 641 ndiyo tasa INAYOFUATA baada ya 631! Hatua moja tu! Nukta ile kaipigilia makusudi kama msumari.

Kipeuo: Mkuu, ukitaka kusema ni tasa unajaribu tasa zote mpaka kipeuo cha pili, na cha hiyo namba ni 65,536 na kidogo. Wewe umeishia 631 ukatangaza? Umechungulia dirishani ukasema nyumba haina watu.

Bibi Hesabu: Mwacheni jamani. Fermat mwenyewe, yule mwanahisabati Mfaransa, aliamini ni tasa. Euler, mwanahisabati mwingine, ndiye aliyekuja kuivunja mwaka 1732, kwa hiyo hiyo 641.

Kipeuo: Fermat hakuishiwa daftari 😂

Baki Sifuri: Na siku tatu za nini? Kigawo tasa cha hiyo namba lazima kiwe 128 mara kitu fulani, jumlisha 1. Pita: 129 si tasa, 257 ni tasa ila inaacha baki, 385 si tasa, 513 si tasa, 641 hiyo hapo. Unagawanya mara mbili tu, unakwenda kulala.

Mleta mada: Mara MBILI? Sawa, nimekubali. Ila nukta?

Bibi Hesabu: Sentensi ilikuwa imeisha, mkuu.

Mzee wa Desimali: Mimi kinachonikera ni kikokotoo cha simu kuniandikia 4.294967297E9, eti E9 ni mara 10 kipeo cha 9. Hiyo E nani kaiita?

Kipeuo: Bora wewe. Juzi nimebishana mpaka usiku na mtu anasema 91 ni tasa. 7 mara 13!

Mzee wa Desimali: Na 1 je?

Kipeuo: Si tasa.

Mzee wa Desimali: Inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe. Inataka nini tena?

Mleta mada: Hivi ile nukta mmeiona lakini?

Baki Sifuri: Tasa ina vigawo viwili, 1 ina kimoja. Ukiiruhusu, 6 itakuwa 2 mara 3, mara 1, mara 1, mara 1, na hatumalizi.

Mzee wa Desimali: Wewe una haraka ya kwenda wapi?