Tupeane uzoefu: nani mwingine aliusikia muziki wa The Commitments kabla ya kuiona filamu yenyewe?

Upande A

Wakuu, salaam. Nianze mwenyewe, nisionekane nawachokonoa watu bure.

Mjomba alikuwa na kanda isiyo na jalada. Juu yake kaandika kwa peni "SOUL – USIFUTE", basi. Hakuna majina ya waimbaji, hakuna mwaka. Wimbo wa kwanza ni Mustang Sally, na anayeimba anaunguruma kama kameza changarawe. Nikamchora kichwani: mzee mweusi wa Marekani, miaka 55 hivi, sigara nyingi, ndoa tatu zimemshinda, kofia kaishusha usoni. Nimeishi na mzee huyo miaka na miaka.

Siku moja rafiki yangu akaweka The Commitments, filamu ya mwongozaji Alan Parker ya 1991, ya vijana wa Dublin, Ireland, wanaounda bendi ya soul. Wimbo wangu ukaanza, nami nikaanza kumtafuta mzee wangu. Hayupo. Anayeimba ni kijana wa kizungu, kajaa mwili, nywele ndefu, jasho linamtiririka, tena yuko Dublin. Nikasema hapa tumeibiwa, wamemwekea sauti ya mtu. Nikamwomba rafiki asimamishe, tukatafuta. Kumbe sauti ni yake mwenyewe, anaitwa Andrew Strong, na alipochaguliwa alikuwa na miaka 16. Kumi na sita! Mimi kwa umri huo nikiitwa jina darasani sauti inatoka vipande vipande.

La pili ni la kanda yenyewe. Mjomba hakuanza kurekodi mwanzo wa upande, kwa hiyo upande A ulimwishia katikati ya Try a Little Tenderness, pale pale wimbo unapoanza kushika moto. Klak. Ukigeuza unakuta wimbo mwingine. Kwa miaka yote hiyo sikujua ule unaishaje.

Haya, leteni yenu.

Sauti ya Pili

Mkuu, mimi nilikuwa namtafuta mwanamke.

Nimekulia kwenye kwaya, sikio langu linakwenda kwa waitikiaji kabla ya kiongozi. Mle kwenye albamu ya filamu, Destination: Anywhere na Do Right Woman, Do Right Man zina sauti ya dada mmoja iliyotulia, haijisukumi, haina haja ya kupiga kelele. Nilikuwa naimba naye jikoni, yeye ya kwanza, mimi ya pili. Nilipoipata filamu nikakaa kumsubiri. Wasichana wa ile bendi wako watatu. Kila mmoja akifungua mdomo najisemea, siye huyu. Mpaka majina yanapanda mwishoni, sijamwona.

Nikalichukua jalada la sidii nikasoma vile viherufi vya mchanga: Niamh Kavanagh. Kaimba studio, kwenye filamu hayumo. Niliumia jamani. Sisi wa nyuma ya maikrofoni tunajua maana ya kufanya kazi halafu picha akapigwa mwingine. Baadaye nikaja kusoma kwamba mwaka 1993 alisimama mwenyewe jukwaani Millstreet, nyumbani kwao Ireland, akachukua ushindi wa Eurovision, lile shindano la nyimbo la Ulaya. Nikapumua.

Lakini haki itendeke, I Can't Stand the Rain ya Angeline Ball simwonei wivu. Yule dada anajua anachofanya, na kwenye filamu yumo.

Besi Nyuma

Mimi hiyo albamu iliniaibisha mbele za watu.

Nilikuwa najifunza gitaa la besi, na kila aliyekuwa ananizidi alinishauri nianze na nyimbo zile. Sababu zao zilikuwa za kweli: hakuna chombo kinachomkanyaga mwenzake. Besi unaisikia wazi, matarumbeta yanaingia, yanasema neno, yanatoka. Nikapiga juu ya Mustang Sally wiki mbili nikiwa nimevaa spika za masikioni. Kodi zenyewe tatu tu (kodi za gitaa, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja; hizi nyingine tuwaachie serikali). Nikajiona nimefika.

Siku ya kupiga na wenzangu tukaanza vizuri. Mimi kichwani nina bluzi ya kawaida ya hesabu kumi na mbili (hesabu moja ni mapigo manne): unakaa nyumbani, yaani kwenye kodi ya kwanza, hesabu nne, unahama kwenda nyingine. Nikahama. Wenzangu wote wamebaki. Nikarudi haraka, nikadhani nimewahi, kumbe wakati nahangaika kurudi ndiyo wao wanahama. Mpiga ngoma akawa ananiangalia kama mtu aliyeona mbuzi juu ya meza.

Mustang Sally ni ileile bluzi imevutwa mara mbili, hesabu ishirini na nne. Mwanzoni unakaa palepale hesabu nane nzima bila kutikisika. Nyumbani nilikuwa nafuata mwimbaji, sihesabu, ndiyo maana sikugundua. Tangu siku hiyo nahesabu kwa kidole gumba cha mguu ndani ya kiatu, na nikifika hesabu ya tano mguu bado unanisihi nihame.

Mzee wa Santuri

Vijana mnanichekesha. Mnamsifia mpishi wa pili na aliyetunga pishi hamumtaji.

Mustang Sally kaitunga Mack Rice, 1965. Mwaka uliofuata mwimbaji Wilson Pickett akaibeba kwenda Muscle Shoals, Alabama, na mpaka leo ni yake. Try a Little Tenderness ni wimbo wa 1932, ulikuwa wa taratibu, wa watu waliovaa suti. Mwimbaji Otis Redding ndiye aliyeupindua mwaka 1966 pale studio ya Stax, Memphis. Na huyo Upande A anayesema "unaanza kushika moto" angeambiwa ni nani aliyewasha kiberiti: Al Jackson, mpiga ngoma. Otis anaimba polepole kabisa, halafu Al anaanza kugonga ukingo wa ngoma kwa kijiti, tik tik tik tik, kwa mwendo wa mtu mwenye haraka, huku wengine wote bado wanatembea. Ngoma haijapigwa, ni ukingo tu. Lakini mwili unajua kuna jambo linakuja. Kila anayeurudia wimbo ule anakula kwenye sahani ya Al Jackson, na hao wa Dublin wamo.

Otis alikufa kwa ajali ya ndege Desemba 1967, ana miaka 26. Mnashangaa 16, shangaeni na hiyo.

Hata hivyo sitasema uongo. Nilinunua albamu ile ili niiponde, na The Dark End of the Street ya yule mtoto Andrew ilinifunga mdomo. Filamu yenyewe pia ina heshima na wazee. Usiku wa mwisho bendi inamsubiri Pickett mwenyewe aje kupiga nao, na gari lake linafika watu wameshagombana na kutawanyika.

Bado Sijaiona

Mzee umenimalizia filamu! Miaka yote naikwepa ili nibaki na sura zangu kichwani, sasa unanipa mwisho bila kuulizwa.

Mzee wa Santuri

Filamu ina zaidi ya miaka thelathini, mwanangu. Ulikuwa unasubiri nini?

Upande A

Mzee shikamoo, somo limeingia. Jana usiku nimeziweka mbili zote, ya Otis kwanza halafu ya hao wa Dublin, na nimeusikia ule ukingo wa ngoma ambao kwenye kanda ya mjomba ulikuwa umezama kwenye mchakacho.

Dada Sauti ya Pili, na mimi nimekwenda kumsikiliza Niamh upya. Kumbe miaka yote nilikuwa nabonyeza kitufe cha kupeleka mbele nikimkimbilia yule mzee wangu.

Ila Try a Little Tenderness bado inanitesa. Sasa ninayo nzima, inafika mpaka mwisho. Lakini ikikaribia pale kanda ilipokatikia, mkono unanyanyuka wenyewe kwenda kugeuza upande.