Mrejesho: yule kijana wangu anayejikuna usiku

Mwezi uliopita niliuliza hapa kuhusu mwanangu wa darasa la pili. Usiku halali, anajikuna makalio, na choo kilipimwa mara mbili wakasema hakuna minyoo. Bibi yake alishikilia ni visheti na sukari nyingi.

Dada aliyeniambia niulizie kipimo cha selotepu, Mungu akuweke. Nilienda kliniki nyingine huku Likoni, yule kijana wa maabara akacheka kidogo. Akanieleza kuwa minyoo hii ya uzi haitagi mayai ndani ya utumbo. Jike hutoka usiku na kuyataga kwenye ngozi ya nje, pembeni mwa njia ya haja kubwa, ndiyo maana choo mara nyingi hakionyeshi kitu.

Akanipa vioo vitatu vidogo vya maabara. Asubuhi, kabla mtoto hajaoga wala kwenda msalani, nabandika selotepu angavu pale nje, nabandua, naigandisha kwenye kioo. Siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza alipiga kelele hadi jirani akaja kubisha hodi!

Vioo viwili vilikuwa na mayai. Nilichungulia kwenye darubini mwenyewe: yamerefuka, upande mmoja yamelalia kama bapa.

Tumepewa dawa ya minyoo, albendazole, nyumba nzima, na bibi pia, turudie baada ya wiki mbili kwa sababu dawa haiui mayai. Mashuka nimefua kwa maji moto, kucha nimezikata. Jana kalala hadi adhana ya alfajiri. Visheti bado amepigwa marufuku.