Ofisi ndogo ya usanifu majengo itaishije wakati ramani zinauzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa?

Mchoraji_Tegeta

Wakuu, naomba mawazo ya wanaoendesha ofisi. Tuseme ofisi ya watu watatu Dar: msanifu mmoja aliyesajiliwa na AQRB (bodi ya usajili wa wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi) na wasaidizi wawili. Mishahara, pango, programu, intaneti na ada vinakula milioni 6 kwa mwezi. Kazi nyingi ni nyumba za kuishi. Mteja anakuja na ramani kwenye simu, anataka "uirekebishe kidogo" kwa milioni moja na nusu, tena nusu atalipa kibali kikitoka. Ada mnaipangaje ofisi isife? Na kuna kitu gani cha kumuuzia ambacho ramani ya mtandaoni haina?

Kipimo

Mkuu, ijue kwanza bei ya saa yako moja. Watu watatu kwa saa 160 za mwezi ni saa 480, lakini saa zinazoingiza pesa hazizidi asilimia 60. Zilizobaki zinaishia kwenye foleni za halmashauri, simu na kazi ambazo hutazipata. Umebaki na saa 288. Milioni 6 gawa kwa 288 ni kama 20,800. Ongeza asilimia 20 ya miezi mikavu, unafika 25,000.

Sasa pima nyumba ya mita za mraba 180. Usanifu wa awali saa 40, michoro ya kibali 70, michoro ya ujenzi yenye vipande vya kina (ngazi, paa, maungio ya bafu) 90. Jumla saa 200, yaani milioni 5. Kutembelea saiti mara 10, kila safari saa 5 pamoja na barabara na ripoti, ni milioni 1.25 nyingine.

Yule wa milioni moja na nusu amenunua saa 60. Mpe kazi ya saa 60, iandike hivyo kwenye mkataba, na uishie hapo. Ofisi nyingi zinakufa kwa kufanya kazi ya saa 200 kwa pesa ya saa 60, huku zikijisifu zina wateja wengi.

MamaLenta

Hesabu ya Kipimo ni sawa, ila ibaki mezani kwako. Mteja wa hapa ukimtajia saa atakwambia fanya haraka basi. Mpe bei moja ya kazi nzima, halafu kaza masharti:

- Asilimia 30 kabla ya kugusa karatasi, 30 akikubali usanifu wa awali, 40 *kabla* ya kukabidhi michoro ya kibali. Usifunge malipo kwenye kibali: ofisi inayokitoa haiko mikononi mwako, na kiwanja kikiwa na mgogoro wa hati pesa yako imelala nacho.
- Safari za saiti zilipwe kando, kila moja kabla ya kwenda. Ukizichanganya na ada ya michoro, ujenzi wa miaka mitatu utakumaliza.
- Marekebisho mawili ya bure kwa kila hatua. La tatu lina bei, na bei hiyo ameisaini mwanzoni. Akikubali usanifu wa awali kwa sahihi kisha akataka kuhamisha ngazi, hiyo ni kazi mpya.
- Kabla hajamaliza kulipa anapata PDF yenye maandishi ya "kwa mapitio tu" katikati ya ukurasa. Faili la kuchorea halitoki ofisini.
- Michoro ni ya kiwanja kimoja. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi za usanifu majengo, lakini ukiandika namba ya kiwanja kwenye kila karatasi unapunguza ubishi.

Na kodi: kama umesajiliwa VAT, ukitoa ankara ya kodi leo, kodi hiyo unadaiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi ujao, mteja awe amelipa au la. Omba malipo kwa proforma (ankara ya awali isiyo ya kodi) kwanza. Mteja akiwa kampuni atakata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Mdai cheti chake, la sivyo hutaweza kuidai kwenye hesabu zako za mwaka.

Jua_la_Utosi

Nijibu la pili, maana hapo ndipo ramani ya mtandaoni inapoumbuka: haijui kiwanja kinatazama wapi.

Dar iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, kimo cha nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho. Desemba linahamia kusini, nyuzi 73. Chukua mita 1.5 kutoka chini ya dirisha hadi chini ya paa. Kulifunika dirisha la kaskazini adhuhuri ya Juni unahitaji paa lichomoze sentimita 87. La kusini, Desemba, sentimita 45 zinatosha. Paa letu la mazoea la sentimita 60 linazidi kusini, na kaskazini linaacha karibu nusu mita ya chini ya dirisha juani.

Magharibi ndiko kuna balaa. Machi au Septemba, kati ya saa kumi na robo na kumi na nusu jioni, jua liko nyuzi 30 tu. Dirisha lilelile lingehitaji paa la mita 2.6. Hakuna anayejenga hivyo, kwa hiyo hamishia huko bafu, stoo na ngazi. Ukilazimika kuweka chumba, tumia kibaraza kirefu au mapezi ya kusimama (bapa za wima za kukata jua) nje ya dirisha. Pazia la ndani halisaidii sana kwa sababu joto limeshapita kioo.

Hiyo ni kazi ya saa tatu nne. Ichore kwenye ukurasa mmoja: kiwanja chake, jua la Juni na Desemba, na vyumba ambavyo ramani aliyokuja nayo ingevioka. Mpe ukurasa huo kama huduma ya kwanza, kwa laki moja, itakayokatwa kwenye ada akiendelea.

Mchoraji_Tegeta

Nashukuru. Na kiwanja kikiwa chembamba, barabara iko magharibi, na mteja anataka sebule itazame barabara?

Jua_la_Utosi

Sebule ibaki mbele, lakini irudishe nyuma ya kibaraza cha mita 2 na kuendelea, na ukingo wa paa la kibaraza ushuke hadi mita 2.1 kutoka sakafuni. Dirisha kubwa liweke ukuta wa kaskazini au kusini. Upande wa barabara tumia matofali ya matundu: upepo unapita, jua linakatwa vipande. Mkadiriaji majenzi apige bei ya kibaraza mapema, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kufutwa pesa ikipungua.