Tuliosoma Tabora Boys na shule nyingine kongwe za wavulana, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimeleta uzi huu kwa sababu wazee waliopita Tabora Boys miaka ya 50 na 60 wanatutoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka anaondoka na yake. Shule ilifunguliwa na serikali ya Mwingereza mwaka 1922. Iliwalenga watoto wa machifu na majumbe, kwa sababu mkoloni aliyetawala kupitia machifu alihitaji warithi waliosoma. Mfano aliuchukua kwenye shule za bweni za wakubwa wa kwao: viranja wenye mamlaka, mabweni yanayoshindana, michezo jioni.

Sasa tazama waliotoka humo. Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia 1937, na 1943 akawa yuko Makerere. Yumo Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, yumo Rashidi Kawawa, yumo Oscar Kambona. Shule ya kuulinda uchifu ndiyo iliyowalea watu ambao serikali yao iliufuta uchifu mwaka 1963! Mimi naamini bweni lina mkono wake hapo. Ukilala miaka na mtu wa kabila usilolijua, mkala sufuria moja na kuadhibiwa pamoja, ukubwa wa baba yako kijijini unakosa pa kukaa.

Basi tuambiane. Mila za shuleni kwenu zilikuwa zipi, na nani alikurithisha?

Msafiri wa Reli ya Kati

Mleta mada, umenigusa. Mimi ni wa miaka ya 70. Kwetu sisi tuliotoka Dar, shule ilianzia kwenye treni. Unapewa waranti ya kusafiria, unabeba tranka la bati, mama anakufungia maandazi, unaingia daraja la tatu. Kabla hamjafika Morogoro kaka wa kidato cha tatu ameshapita behewa zima akiuliza, "Njuka wa Tabora ni nani hapa?" Njuka ndiye mwanafunzi mgeni. Moyo unadunda.

Yule wetu hakutuonea. Alitukusanya upande mmoja, akatupanga zamu za kulinda mizigo usiku ili wengine walale, akatufundisha nyimbo za bweni lake na jinsi ya kumwamkia kiranja. Saranda alishuka yeye kununua kuku, tukala wote kwa hela ya wachache waliokuwa nayo. Itigi asubuhi tayari tunaitana kwa majina ya utani, na wengine majina hayo tumezeeka nayo. Nilipofika kidato cha tatu nami nikapita behewani kuuliza njuka ni nani. Hakuna mwalimu aliyetuagiza. Ukitaka kujua mila ya shule ni nini, kwangu mimi ni hiyo.

Halafu kulikuwa na shamba. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 jembe lilikuwa sehemu ya masomo, na udongo wa Tabora wakati wa kiangazi wanaoujua wanaujua. Hayo nitarudi kuyaeleza, macho yamechoka.

Kwata Moja

Shikamoo mzee wa reli. Mimi nilikuta mchepuo wa kijeshi. Filimbi alfajiri, mchakamchaka, ukaguzi wa vitanda, kisha uji. Faida yake niliiona JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) baada ya kidato cha sita: wenzetu wa shule nyingine wanahangaika na geuka nyuma, sisi afande anatutoa mbele tuwaelekeze. Nilijisikia mtu.

Ukoko wa Wali

Jumapili, wali nyama. Ukoko ulikuwa wa kidato cha nne. Ukiugusa ukiwa njuka, jibu lako unalo.

Kanda ya Ziwa

Naheshimu michango yote, ila niseme lingine. Sikusoma Tabora, nilisoma shule kongwe ya wavulana ambayo siitaji. Kwetu njuka alifulia wakubwa, alibebeshwa ndoo zao, na usiku aliamshwa aimbe juu ya tranka mpaka wachoke kucheka. Mwenzangu wa kitanda cha juu aliacha shule muhula wa kwanza, na alikuwa na akili kutuzidi sote. Tukikusanya mila tuandike na hizi, na tuseme wazi kwamba hazifai kurithishwa.

Mleta mada

Kanda ya Ziwa, pole sana, na nakubaliana nawe kabisa. Inasimuliwa kwamba Nyerere mwenyewe, akiwa mwanafunzi pale Tabora, alipinga viranja kupewa upendeleo kuliko wengine. Kwa hiyo hata kuzipinga mila kuna historia yake mabwenini.

Dogo wa PCM

Shikamooni kaka zangu. Mimi ni wa juzi tu, enzi hizi za vipaji maalumu, yaani shule za waliofaulu zaidi, tukiwa kundi moja na Ilboru, Mzumbe na Kibaha. Siku hizi mila kubwa ni msuli, kusoma kwa bidii. Unaamka saa tisa usiku unakuta nusu ya darasa wako kwenye pastpepa (mitihani iliyopita), na anayelijua swali anasimama ubaoni kuwafundisha wenzake bila kuombwa. Mimi hesabu nimezishikia hapo. Treni hatukuipanda, tulikuja na mabasi. Mzee wa reli, hizo nyimbo za bweni bado unazikumbuka? Sisi hatukuachiwa hata moja.

Msafiri wa Reli ya Kati

Marahaba mwanangu. Tatu ninazo kamili, ya nne nimebakiwa na kiitikio. Wiki hii nawapigia wawili niliokuwa nao behewa lile, mmoja yuko Kigoma na mwingine Urambo, tuikamilishe. Nitaziweka hapa pamoja na habari za shamba.