NBA au NFL: wapi kuna miili mikali zaidi?

Kijana wa Mbagala

Wakuu, habari za jioni. Kuna ubishi umenishinda nyumbani, nauleta huku.

Naishi na binamu yangu. Yeye kikapu cha NBA hakimtoki mdomoni, mimi siku hizi nimenogewa na futiboli ya Kimarekani, ligi yao ya NFL. Sasa mwaka 2024 Austin Rivers, aliyewahi kucheza NBA, alisema anaweza kuchukua wachezaji 30 wa NBA leo hii akawaingiza NFL na wakacheza, ila huwezi kuchukua 30 wa NFL ukawaingiza NBA. J.J. Watt, yule jitu la ulinzi aliyestaafu NFL, akamjia juu. Binamu yuko upande wa Rivers, mimi wa Watt, na hapa ndani chakula hakiliki kwa amani.

Ukiweka ushabiki kando, nani ana mwili mkali zaidi? Kasi, nguvu, kuruka, pumzi, vyote. Wanaoelewa njooni. Wenye matusi yenu bakini nayo.

Rimu ya Upanga

NBA, tena hapo hakuna mjadala. Dakika 48, mechi 82 kwa msimu, leo uko Boston keshokutwa Miami. Hao wa NFL wanakimbia sekunde tano, wanasimama kuongea, wanakimbia tena tano. Mechi 17 tu mwaka mzima! Na nusu yao wana vitambi. Hata mjomba wangu wa Tandika angepata namba.

Dada wa Vyuma

Mdogo wangu wa Mbagala, shikamoo yangu nitaidai siku nyingine, twende kwenye hoja.

Nafanya kazi kwenye chumba cha vyuma cha sekondari moja huku Texas. Asubuhi mapema wanaingia vijana wa futiboli, mchana wa kikapu, na baadhi ni walewale wamebadilisha viatu tu. Kwa hiyo huu ubishi ndio redio yangu ya kazini. Mimi mwenyewe nilicheza kikapu Dar, viwanja vya Don Bosco pale Upanga, kwa hiyo Rimu asije akasema nimenunuliwa.

Rimu kaka yangu, huyo mjomba mlete tumpime. Mwaka 2022, kwenye majaribio ambayo NFL huyafanya Indianapolis kabla ya kuchagua vijana wapya, Jordan Davis alipanda mzani ukasoma kilo 155. Akakimbia yadi 40, yaani mita 36 na nusu, kwa sekunde 4.78. Rudia kusoma hizo namba polepole. Kitambi unachokicheka ni mzigo wa makusudi. Kazi ya yule mtu ni kusimama katikati na watu wawili wenye kilo 140 kila mmoja wasimsogeze. Angekuwa na tumbo la mcheza sarakasi wangemzoa kama ufagio unavyozoa maganda ya karanga.

Tuje kwenye vipimo, maana watu wanatupiana namba bila kuuliza zilipimwaje. Rekodi ya kuruka juu kwenye majaribio ya NBA ni ya Keon Johnson, sentimita 122, mwaka 2021. NFL watu humtaja Gerald Sensabaugh, sentimita 117, mwaka 2005. Binamu yako atashangilia hapo. Mwambie atulie: ile ya NBA unaruhusiwa kuchukua hatua za kukimbia kabla ya kuruka, ya NFL unasimama tuli, miguu yote miwili chini, unaruka kutoka hapo ulipo. Kwangu mimi 117 ya kusimama inatisha kuliko 122 ya kukimbia. Na kuna Byron Jones, mlinzi wa pembeni, mwaka 2015 alisimama hivyohivyo akaruka mbele mita 3.73. Pima sebuleni kwenu uone kama ukuta utakuruhusu.

Kwenye nguvu, kila mtu anamkumbuka Kevin Durant. Mwaka 2007 walimlaza kwenye benchi, wakampa kilo 84, hakuusukuma ule mtaimbo hata mara moja. NFL kipimo chao ni kilo 102 na wanahesabu umerudia mara ngapi. Watu walimcheka sana Durant, halafu akaenda kuwa mmoja wa wafungaji hatari kuliko wote waliowahi kukanyaga ligi ile. Sababu naiona kazini kila wiki. Kijana mwenye mikono mirefu anasukuma chuma safari ndefu zaidi kutoka kifuani hadi juu. Mwenye mapaja marefu akichuchumaa na mzigo begani, makalio yanakwenda nyuma sana, mgongo unainama, anaonekana dhaifu kumbe maumbile yake ndiyo yanamtoza ushuru. Vijana wangu wa kikapu wanachukia kuchuchumaa na mzigo, na sijawahi kuwalaumu. Nawapa mazoezi mengine.

Pumzi sasa. Hapa Rimu ana haki, ila kwa sababu nyingine. Mechi ya NFL inachukua zaidi ya saa tatu kwenye televisheni, lakini ukijumlisha muda ambao mpira uko hai unapata kama dakika 11. Kila shambulio ni sekunde chache za kutoa kila kitu ulichonacho, kisha unapumzika, misuli inajaza upya kile kiasi kidogo cha nishati ya haraka, unarudi. Ni mwili wa mkimbiaji wa mita 60 anayekimbia fainali nyingi kwa siku moja huku akigongwa. Mchezaji wa NBA anayecheza muda mrefu anapiga karibu kilomita nne kwa mechi, na si kwa mstari ulionyooka: anarudi nyuma, anakwenda kiubavu, anaruka, anatua, anageuka, anaruka tena kabla hajavuta pumzi. Mchukue yule wa NFL umwingize robo moja ya NBA bila maandalizi, dakika ya tano anaomba maji. Mchukue wa NBA umsimamishe mbele ya Derrick Henry, yule mbeba mpira wa NFL, anayekuja na kilo zake 112, hataomba maji, ataomba gari la wagonjwa.

Wa Rongai

Dada, hiyo ya gari la wagonjwa imenimaliza. Lakini mbona unamkwepa Rivers? Hoja yake haikuwa vipimo, ilikuwa watu kuhama. Antonio Gates alicheza kikapu chuoni Kent State, futiboli chuoni hakucheza hata mechi moja, akaingia NFL akawa gwiji. Jimmy Graham alikuwa wa kikapu chuoni, futiboli akaicheza msimu mmoja tu, Tony Gonzalez naye kikapu alikicheza chuoni. Nitajie wa NFL aliyekwenda NBA akawa gwiji. Kimya.

Halafu tusisahau wetu. Daniel Adongo wa Nairobi alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, Mkenya wa kwanza kucheza NFL, na hakuwa amewahi kuucheza huo mchezo. Kama mtu wa raga anaweza kuingia hivihivi, ugumu uko wapi?

Dada wa Vyuma

Wa Rongai, ahsante kwa kumleta Adongo, maana umenibebea hoja yangu mpaka mlangoni.

Angalia hao uliowataja. Gates, Graham, Gonzalez, wote wameingia kwa mlango mmoja. Wanaita taiti endi, yule anayepanga pembeni mwa mstari wa mbele, mara azuie, mara akimbie kupokea pasi. Kazi yake ni nini? Kuweka mwili kati ya beki na mpira, kuruka, kudaka juu ya kichwa cha mtu. Hiyo ni ribaundi iliyovalishwa kofia ngumu. Na Gates ana urefu gani? Mita 1.93. Mwaka 2002 aliifikisha Kent State nane bora za vyuo akicheza chini ya rimu, lakini NBA mtu wa 1.93 anayecheza chini ya rimu hana kazi, atakutana na wa 2.08 kila usiku. Akavuka barabara, akakuta kule 1.93 ni mkubwa na ana miguu myepesi kuliko wanaomkaba. Timu ya Chargers ikampata bure mwaka 2003, hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, ile siku ya kugawana vijana wapya. Akamaliza na miguso 116, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, rekodi ya nafasi hiyo, na mwaka 2025 wakamwingiza kwenye Ukumbi wa Magwiji.

Sasa Rivers ameona watu wanapita mlango huo mmoja akasema nyumba nzima iko wazi. Kwa mtu wa mita 2.06 nafasi za NFL zinahesabika kwenye vidole vya mkono mmoja. Magoti yako ndiyo mlinzi anayatafuta, na wewe ni mrefu, magoti yako yapo tu hapo hewani yanasubiri.

Na kwa nini hakuna msafara wa kurudi? Kwa sababu kudunda mpira ukiwa umebanwa, kusoma ukabaji na kufunga ukiwa hewani ni kazi ya mikono na macho inayoanza utotoni. Ukikosa hiyo, kasi yako yote ni mapambo. Charlie Ward alichukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mwaka 1993 akiwa kwotabaki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, kisha akacheza NBA misimu 11, lakini yeye kikapu alikuwa nacho muda wote. Allen Iverson hivyohivyo, sekondari kule Virginia alikuwa kwotabaki na timu zake zilichukua ubingwa wa jimbo kwenye michezo yote miwili mwaka uleule wa shule. Hao hawakuhama. Walikuwa na nyumba mbili, wakachagua moja.

Adongo ndiye anayenipa ushahidi. Colts walimwona mtu mkubwa, mwepesi, anayependa kugongana, wakasema tutamfundisha yaliyobaki. NFL inaajiri mwili kwanza, kazi inakuja baadaye. Si nafasi zote, kwotabaki utamfundisha mpaka uzeeke, lakini nyingi. Basi kama ligi moja iko tayari kukuchukua kwa ajili ya mwili wako tu, na nyingine haiko tayari, ligi ipi inanunua riadha tupu? Hoja ya Rivers ukiigeuza inampiga yeye mwenyewe.

NBA inanunua kitu kingine kwanza, nacho ni urefu. Ndugu yetu Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Tulikesha tukishangilia, sitaki kusikia mtu anamsema vibaya. Lakini tuwe wakweli, mita 2.21 ndiyo iliyotangulia kuingia chumbani. Wanaume wa mita 2.10 duniani ni wachache sana, huwezi kuwachuja tena kwa kasi, utabaki na nani? Mlinzi wa pembeni wa NFL ana mita 1.80. Wa kimo hicho wako mamilioni, na amewashinda wote kwa miguu tu.

Ndiyo maana hukumu yangu iko hivi. Chukua ligi nzima kwa ligi nzima, NFL ina riadha nyingi zaidi, hata ukiwatoa wapiga mateke. Lakini ukiniambia nichague watu kumi ambao mwili wao haueleweki kabisa, saba nitawatoa NBA. Mtu wa 2.06 kama LeBron kukimbia na kugeuka vile si jambo la kawaida. Kadiri mwili unavyorefuka ndivyo unavyotakiwa kuwa mzito wa kuusimamisha, na yeye hakuambiwa hilo. Sekondari Ohio alikuwa mpokeaji hatari wa pasi kabla hajaacha futiboli.

Rimu ya Upanga

Saba kati ya kumi. Nimeshinda, asanteni kwa kushiriki.

Na DK Metcalf wenu alikwenda kukimbia mita 100 na wakimbiaji wa kweli mwaka 2021 akashika mkia kwenye mchujo wake.

Dada wa Vyuma

Alishika mkia kwa sekunde 10.37, akiwa na zaidi ya kilo 100, kazini kwake kukiwa ni kwingine. Wewe Rimu ukikimbilia daladala unashika ubavu.

Kijana wa Mbagala

Dada, heshima yako. Nimemsomea binamu yote. Amekubali la mlango mmoja lakini anasema majina 30 anayo. Nimempa karatasi. Wewe ungemchukua nani?

Dada wa Vyuma

Anthony Edwards, bila kufikiri. Mita 1.93, zaidi ya kilo 100, ana mapaja ya mtu wa futiboli na utotoni Atlanta alikuwa akiucheza. Zion Williamson ningemtazama kwenye mstari wa mbele, kama goti litakubali. Wembanyama simgusi, mita 2.24, nitaitwa polisi. Baada ya hapo naanza kukuna kichwa. Mwambie binamu akifika 12 aniite.

Kijana wa Mbagala

Amefika tisa. Anataka Jokić ahesabiwe.

Dada wa Vyuma

Jokić?! Anaruka urefu wa gazeti. Acheze wapi?

Kijana wa Mbagala

Kwotabaki. Anasema kwa zile pasi.

Dada wa Vyuma

Eh. Hilo mwandike.