Naomba ushauri: mshono unarudi kwenye usuli wa karatasi ya barua (GIMP, programu ya kuhariri picha)

Wakuu, habari zenu. Usuli ni wa A4 kwa dpi (nukta kwa inchi) 300, yaani pikseli 2480 kwa 3508. Kigae cha maua, yaani picha ndogo inayorudiwa kujaza ukurasa, ni 620 kwa 877, kwa hiyo kinaingia mara nne kila upande bila ua kukatwa ukingoni. (Kigae cha 512 hakigawanyiki hapo, msikipendekeze.)

Shida ni mshono, ule mstari unaoonekana vigae vinapokutana. Nasogeza leya (tabaka la picha) nusu kwa nusu, kingo zinakuja katikati, nafuta mstari kwa brashi ya kunakili, safi kabisa. Nikiweka ukungu wa Gaussian (kichujio cha kulainisha picha) wa pikseli 12, mstari unarudi, kwa sababu ukungu hausomi pikseli za ukingo wa upande wa pili wa kigae. Kwa sasa napanga vigae tisa, 1860 kwa 2631, naweka ukungu, kisha nakata kile cha katikati. Kinatoka vizuri, ila ni kazi ndefu mno kwa kila rangi. Kuna njia fupi?

La pili, mpito wa rangi kutoka krimu kwenda nyeupe unatoa michirizi. Kufanya kazi kwa biti 16 (ngazi nyingi zaidi za kila rangi) kunasaidia kwenye skrini tu. JPEG ni biti 8, michirizi inarudi palepale. Nadhani dawa ni kuongeza chembechembe (noise) kidogo kabla ya kuhamisha faili. Mnaweka kiasi gani ili printa isizionyeshe kama uchafu?

Maua nimeyafifisha hadi asilimia 15 (opacity), maandishi meusi yanasomeka.